Bibi Kanga Ameuliza, Mimi Nimejibu

Jumatatu, 16 Septemba 2024

Nimeshinda! Redio inakuja kwangu.

Ni redio ya sola, imeletwa hapa Nyamwaga na mradi wa vipindi vya watoto ambao hawajaanza shule. Kila asubuhi watoto wa kitongoji watakusanyika kwenye nyumba moja, wasikilize, waimbe, wajifunze. Mwenyekiti Daudi alishaamua ikae kwa jirani yangu Tabitha, eti watoto wamemzoea. Nikamwendea alfajiri, kabla hajapiga mswaki. Nikamkumbusha kwamba Tabitha ana paa la nyasi, mimi nina mabati. Nikamkumbusha pia ni nani anayesoma matangazo kanisani. Akasema haya, Nyangwine, ichukue, niache ninawe uso.

Mke wangu Sarah hakufurahi. Ameuliza nimemnyang'anya Tabitha redio ya nini. Nimemwambia ni kwa ajili ya Wegesa. Na ni kweli. Binti yetu ana miaka mitano na hasemi mbele ya watu. Ananong'ona na mama yake kwa Kikurya, na zizini anazungumza na ndama. Kwangu neno moja, mawili, basi. Mwaka jana tulipompeleka darasa la awali mwalimu alimwuliza jina, akatazama chini mpaka tukaambiwa turudi naye akikua kidogo. Uandikishaji ni mwezi ujao. Akirudishwa tena sijui nitauweka wapi uso wangu.

Jumanne, 17 Septemba

Siku ya kwanza. Uwanja umejaa watoto. Kipindi kinaongozwa na ndege, Bibi Kanga, mwenye sauti ya mama wa makamo asiye na haraka ya maisha. Anauliza swali, halafu ananyamaza ili watoto wajibu. Kabla ya kunyamaza husema kila mara: tusubiri, mwenzetu anafikiri.

Kimya kile! Redio nzima, sola nzima, halafu kimya! Aliuliza mnyama gani hutupa maziwa. Watoto wakatazamana. Wegesa akaitazama redio. Nikajibu mwenyewe: ng'ombe! Bibi Kanga akasema vizuri sana. Nakiri nilijisikia mtu. Sijaambiwa vizuri sana tangu darasa la saba.

Nimejibu yote. Sijakosa hata moja.

Alhamisi, 19 Septemba

Tatizo dogo. Watoto wameacha kujibu. Bibi Kanga akiuliza, wote wananigeukia mimi. Mmoja alilala. Wengine wamehamia kwa Tabitha, wanamsaidia kumenya ndizi.

Na kesho anakuja Neema, dada wa ofisi ya mradi kutoka Tarime mjini, kuangalia maendeleo. Lakini nina mpango. Jioni nimemkalisha Wegesa nikamkaririsha majibu ya leo kwa mpangilio: mbuzi, nyekundu, juu ya mti. Kesho Bibi Kanga akiuliza, mtoto atiririke tu. Alianza kuniambia kitu kwa Kikurya, kuhusu ndama nadhani. Nikamkatiza. Nimepiga marufuku Kikurya nyumba nzima mpaka dada wa mradi aondoke. Akafunga mdomo. Hakuufungua tena, hata nilipomwonyesha andazi.

Ijumaa, 20 Septemba

Naandika huku natamani ardhi ipasuke inimeze.

Neema alifika, akakaa kwenye kiti changu kizuri. Mimi nilijificha ndani, nyuma ya pazia la mlango, ili watoto waonekane wanajitegemea. Kipindi kikaanza. Hakikuwa cha jana! Nani aliniambia kwamba kila siku wanaleta kipya? Bibi Kanga akamwomba mtoto ambaye hajawahi kujibu aseme nyumbani kwao kuna mnyama gani, na anafanya nini. Tusubiri, mwenzetu anafikiri. Nikachungulia. Neema anamtazama Wegesa. Kimya. Sarah, aliyekaa na watoto, anamtazama Wegesa. Kimya. Bado kimya!

Nikabana pua. Nikasema kwa sauti ya mtoto wa kike: mbuzi, anakula majani.

Watoto walicheka mpaka wengine wakagaagaa chini. Neema hakucheka. Akasema kwa upole, shikamoo Baba Wegesa, unaweza kutoka sasa. Shikamoo! Nimetoka nyuma ya pazia, pua bado inauma, naitikia marahaba.

Redio imehamia kwa Tabitha saa ileile. Sikubisha. Aliyenimaliza ni Sarah. Ameniambia Wegesa alishainua kichwa. Alishafungua mdomo. Neno lilikuwa njiani linakuja, ndipo likatoka langu. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejitetea. Aliniambia tu, akaenda kuchota maji.

Nimeumia. Mwanangu alitaka kusema mbele ya watu, nami nikasema badala yake, tena kwa pua.

Jumapili, 22 Septemba

Nimesoma matangazo kanisani. Benchi zima la mbele, watoto wamebana pua. Katekista naye aliinama ghafla kufunga kamba za viatu. Anavaa ndara.

Hilo nalivumilia. Lisilovumilika ni zizini. Wegesa akiniona anakatiza maneno yake, anaondoka, ndama anabaki kanikodolea macho. Leo nilimpelekea huyo ndama mpaka mlangoni, nikakaa pembeni, nikajifanya nanoa panga. Alimpapasa shingo akaingia ndani. Kumbe ule mnong'ono wake nilikuwa nausikia kila siku bila kuusikiliza. Sasa haupo, na nyumba imekuwa kubwa mno. Najuta jamani.

Nimeifuta ile marufuku ya Kikurya. Sarah amesema hata hakujua ilikuwa bado ipo.

Jumanne, 24 Septemba

Nimekwenda kwa Tabitha. Si kwa mlango. Nilipitia kwenye migomba yake, nikachuchumaa nyuma ya shina nene. Nilitaka nimwone Tabitha akishindwa. Hapa naandika ukweli.

Tabitha alikuwa anamenya ndizi, hamtazami mtoto yeyote. Bibi Kanga akauliza asubuhi hii mmeona nini njiani. Tusubiri, mwenzetu anafikiri. Kimya. Nikang'ata kofia yangu. Kimya kikaisha muda wake, Bibi Kanga akaanza wimbo. Nikasema moyoni, haya, umeona Tabitha, hata wewe! Tabitha akanyoosha mkono, akapunguza sauti ya redio, akaendelea kumenya.

Halafu nikasikia sauti ndogo. Wegesa! Nusu Kikurya, nusu Kiswahili. Akasema wameona ndama wao anaruka mtaro. Tabitha, bila kuinua macho, akamwuliza kwa Kikurya ikawaje. Na Wegesa akaendelea! Kwamba mara ya kwanza ndama aliogopa. Kwamba mama wa ndama alikuwa ng'ambo ya mtaro, hakumfuata wala hakuondoka, alisimama tu mpaka mtoto akaruka mwenyewe. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Ana sauti nzuri, nzito kidogo, kama ya marehemu mama yangu. Sikuwa najua.

Nimelia kwenye migomba ya Tabitha. Siafu walinipanda mpaka magotini, sikusogea, nisije nikamkatiza.

Nimeapa. Sitamjibia mwanangu tena, hata aulizwe na nani. NIMEAPA. Nimepigia mstari.

Jumanne, 1 Oktoba

Siku ya uandikishaji. Nimevaa koti. Njia nzima nilifanya mazoezi ya kunyamaza. Sarah aliniomba nibaki nje ya ofisi. Nikamwuliza hivi hajasoma kiapo changu? Nikaingia.

Mwalimu Emanueli ni kijana mpole. Aliinama mpaka usawa wa Wegesa, akamwuliza anaitwa nani. Kimya. Nikatazama kenchi za paa. Nikawafikiria siafu. Wegesa akainua kichwa. Akafungua mdomo. Sasa, foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu, mwalimu ana kazi nyingi, na mimi ni mtu mwenye huruma. Nikasema anaitwa Wegesa.

Nikavutwa koti. Mbele ya mwalimu, mbele ya wazazi wote waliojazana mlangoni, mwanangu akasema kwa sauti ile nzito kidogo: Tata, subiri. Ninafikiri.

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mimi machozi yakanilengalenga. Amesema! Mbele ya watu! Kwa Kiswahili safi, akaweka na tata ya kwetu, yaani baba! Mwalimu Emanueli akafurahi sana, akamwandikisha palepale. Kisha akaweka kalamu chini, akainama tena, akamwuliza Wegesa alikuwa anafikiria nini.

Nikamweleza.