Magoti ya Mama Mkwe

Jumatatu, 28 Juni 1976

Mkutano wa kijiji leo. Kesho tunaanza kuvuna pamba ya shamba la ujamaa, kila mwenye mikono miwili. Asiyefika awe na cheti cha zahanati. Na Saba Saba imebaki siku tisa! Siku hiyo ngoma ya majembe, bugobogobo, inataka kiongozi mmoja mbele ya wageni wa kutoka Mwandoya. Ni mimi au Januarius, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwenye magoti ya swala na roho ya fisi. Nikiinama pambani wiki nzima, nitajifunza saa ngapi kurusha jembe juu na kulidaka? Lazima niugue.

Malaria haifai, wanapima damu. Kuhara ni aibu. Baridi yabisi! Maumivu ya viungo hayana rangi wala harufu. Tena mwalimu ninaye: Ng'washi, mama wa mke wangu. Tangu Operesheni Vijiji itusogeze, nyumba yake iko hatua thelathini kutoka kwangu. Heshima inanikataza kumkodolea macho mama mkwe. Kwa hiyo nilimkodolea nikiwa nyuma ya kihenge changu cha mtama, asinione.

Anainuka kwa awamu tatu. Mkono gotini, kuguna, kisha "Yee mayu!", yaani mama wee. Halafu anaburuta mguu, bega linashuka. Nimeandika yote.

Jumanne, 29 Juni

Zahanati. Mganga wetu, Bwana Joakim, aliniuliza hali yangu inakuwaje kila asubuhi. Nikamwambia asubuhi mzima kabisa, jioni ndipo nakufa. Akauliza jioni baada ya kazi gani. Nikakosa kazi ya kutaja! Akabonyeza goti la kushoto, nikapiga yowe. Bahati mbaya nilikuwa nimeshasema linauma la kulia.

Hakukasirika. Alieleza taratibu kwamba ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu laini, na katikati kuna ute, kama mafuta kwenye bawaba ya mlango. Gegedu likilika, mfupa unasaga mfupa. Aina nyingine ni mwili wenyewe kushambulia viungo: vinavimba, vinakuwa na joto, mara nyingi pande zote mbili, na asubuhi vinakaza saa nzima au zaidi kabla ya kulegea. Mtu mwema! Amenipa maswali ya mtihani na majibu yake. Siku mbili za mapumziko, nirudi Alhamisi asubuhi.

Jumatano, 30 Juni

Mazoezi nyuma ya kihenge. Jembe lilipaa vizuri, kurudi halikurudi vizuri. Limetoboa kihenge. Mtama chwaa! Kuku wa kijiji kizima wakaja kula kwa pamoja bila kugombana. Hao ndio wajamaa wa kweli.

Mke wangu Domitila alitaka kujua jembe limefikaje kule juu. Nikamwambia limeniponyoka kwa sababu ya goti. Akaendelea kuzoa mtama.

Alhamisi, 1 Julai

Asubuhi ya baridi. Nilijifunika shuka mpaka kichwani, nikachechemea kuelekea zahanati kwa mwendo wa Ng'washi, bega chini, mguu nyuma. Kazi safi! Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani wakaniamkia kwa nyuma: "Mwangaluka, mayu Ng'washi!" Nikageuka. Mmoja aliangusha ndoo.

Yaliyofuata ni mabaya zaidi. Niliingia zahanati, mkono gotini, nikaguna, nikasema "Yee mayu!" Na kwenye benchi, akisubiri aspirini zake, ameketi Ng'washi mwenyewe. Aliniona nikiingia na miguu yake.

Joakim alimtazama mama, akanitazama mimi, akaandika cheti cha mwezi mzima: asirukeruke, asibebe kizito, apewe kazi ya kukaa. Nikatoka mbio kwa furaha, kisha nikakumbuka kuchechemea.

Ijumaa, 2 Julai

Habari imefika kwa Januarius kabla ya uji. Baraza! Kumwigiza mkwe ni kumtukana, wazee wote walikubali. Hukumu: nikae na bibi vizee kuchambua pamba, fungu langu na la Ng'washi.

Mama mkwe alikuwa palepale, amenipa mgongo kwa heshima. Lakini nilipochungulia pembeni, vidole vyake niliviona. Vifundo vimevimba mikono yote miwili. Alikuwa akijaribu kutoa jani moja kavu kwenye pamba. Lilimponyoka mara nne. Hakuguna hata mara moja. Niliona aibu, nasema kweli, nikalivuta fungu lake lote upande wangu.

Baadaye alimtuma Domitila aniambie kwamba mguu wake mbovu zaidi ni wa kulia, mimi nimeburuta wa kushoto. Na kwamba yeye haguni kama mbuzi. Bibi vizee walicheka mpaka wakaacha kazi.

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba. Nimeng'arisha jembe kwa mchanga, nikajitokeza uwanjani. Januarius akainua cheti changu na kukisomea umati: asirukeruke. Akakisoma mara mbili! Nikasema nimepona. Joakim alikuwa karibu, akasema baridi yabisi haiponi kwa siku sita. Nikakalishwa benchi la wazee.

Januarius aliongoza. Alirusha, akadaka. Nilimwombea aangushe, hakuangusha.

Kisha Domitila akaja kuliomba jembe langu, mama yake anataka la kuegemea. Ng'washi akainuka kwa awamu zake tatu, akaingia katikati ya ngoma. Hatua mbili, tatu, jembe likafika begani. Vigelegele! Joakim akapiga makofi, akisema ndiyo dawa anayohubiri kila siku, kiungo cha namna ile kikikaa tu kinazidi kukaza. Wageni wa Mwandoya waliuliza jina la yule mama. Langu hakuna aliyeliuliza.

Nilitaka kulia. Jembe lilikuwa langu.

Alhamisi, 8 Julai

Nimempelekea mama mkwe jogoo wa kuomba radhi, kupitia Domitila. Amepokea. Nimejifunza mengi! Kumwigiza mkwe ni kosa kubwa, sirudii tena maishani.

Jumatatu tunachimba lambo la ng'ombe, kijiji kizima. Mzee Maganga, baba yake Januarius, ana mgongo mbaya ajabu, anatembea kama anatafuta sindano. Wala si mkwe wangu. Leo jioni nimekikagua kihenge chake. Kinanificha mwili mzima, isipokuwa kichwa.