Nilikataa kwa Adabu, Mfumo Ukaamini

Jamani, leo nimevuliwa nguo bila kuguswa.

Mnanijua. Mimi ndiye niliyepakua mizigo bandari ya Durban, nikarudi Dar kusomea diploma ya kompyuta kwa jasho langu, kisha nikaja tena huku kwa mlango wa mbele. Sasa niko ofisi ya usajili ya chuo kikuu. (Diploma nimeitundika sebuleni. Mgeni haketi kabla hajaisoma.)

Chuo kimeunda kamati ya wafanyakazi na wanafunzi, wasimamie pamoja mambo yote ya mtandaoni. Leo ilikuwa siku ya kuchagua mwenyekiti. Na mfumo wa kuchagulia niliutengeneza mimi! Nikawatangazia: "Hapa hakuna ujanja. Ukibonyeza, umebonyeza. Hata mkuu wa chuo hawezi kurudisha."

Wakanipigia makofi. Kiti hicho nilikitaka, nisiwadanganye. Mke wangu alishawaalika watu wa kanisani waje kula.

Mama Solange wa maktaba, Mkongo, akanipendekeza. Jina langu likatokea ukutani, kubwa, peke yake. Mfumo ukaniuliza kwenye simu yangu: Unakubali? Unakataa?

Sasa mnajua kwetu. Mtu mwenye heshima harukii cheo kama paka aliyeona samaki. Unakataa. Unabembelezwa. Unakataa tena, mkono kifuani. Ndipo unakubali kwa shingo upande, "kwa kuwa mmenilazimisha."

Nikainuka. "Ndugu zangu, mimi ni nani? Wapo wanaofaa kuliko mimi." Nikabonyeza Nakataa, nikasubiri kubembelezwa.

Jina likafutika.

"Mama Solange," nikanong'ona, "nibembeleze basi!"

"Nikubembeleze namna gani, papa? Iko kiti kimoja, na wewe umekikataa mbele ya watu."

"Ilikuwa adabu tu!"

"Adabu? Ungeiambia mashine."

Nikamgeukia Zandile, Mzulu aliyeongoza kikao, nikamwomba anirudishe. Akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Eish, bhuti, kaka yangu! Si umetuambia sasa hivi hakuna kurudi?"

Mwanafunzi mmoja akampendekeza Mama Solange. Huyo alibonyeza Nakubali kabla jina halijamaliza kuandikwa! Akapita bila kupingwa. (Makofi yake yalizidi yangu. Niliyasikia.)

Agizo lake la kwanza kama mwenyekiti: "Papa, kesho utanifundisha hii mfumo, sivyo?"

Msinicheke, nawaomba. Ila mkipendekezwa kwenye kompyuta, kubalini kwanza. Kuona haya ni baadaye.