Spika ya Besi Iliyoungua Barazani

Skuta, Nyeri
14 Novemba 1974

Kwa Mzee Chifu Theuri,

Mzee, nakuandikia nikiwa nimevua kofia, ingawa huwezi kuniona kutoka huko ofisini. Mimi ni Mutahi, mpiga gita la besi wa bendi ya Skuta Sauti Moja. Ni sisi uliotuazima sanduku la spika na amplifaya yake kwa ajili ya baraza la tarehe 2, kwa kuwa kipaza sauti cha ofisi kilikuwa kimeharibika. Tulikupa kwa moyo mweupe. Sasa sanduku lina malalamiko, na kwa vile haliwezi tena kutoa sauti, nasema kwa niaba yake.

1. Spika ile ilitengenezwa kubeba besi, si hotuba. Ulianza saa nne asubuhi na habari ya kahawa, ukaenda kwa vyoo, ukarudi kwa kahawa, ukawageukia vijana wenye suruali pana, na saa nane mchana ulikuwa bado "kwa kumalizia". Uliposema kwamba sauti ya serikali haiwezi kunyamazishwa, spika ililia kama shuka inayochanwa, ikatoa moshi, ikanyamaza.

2. Nilipokuja ofisini, ulinijibu mbele ya karani wako Selpha: "Ati spika? Mimi niko na lokesheni nzima ya kuangalia, na wewe uko na spika?" Ni kweli, Mzee. Lakini lokesheni nzima haichezi dansi bila besi.

3. Nililipeleka sanduku Kutus kwa Gicheru, fundi wa redio. Alifungua skrubu nane, akaitoa spika, akainusa. Koili, ule waya wa ndani, ilikuwa imeungua na karatasi imepasuka katikati. Akasema, "Hii haikuchomwa na muziki. Muziki iko na mahali ya kupumzika." Kisha akaniuliza, "Ni mhubiri ama ni chifu?" Sikumjibu, kwa heshima yako. Lakini nami nimelifikiria jambo hili siku kumi na mbili, na sioni chanzo kingine ila hotuba.

4. Ulituletea spika nyingine, nashukuru. Ni ya redio ya ofisi. Ina upana wa sahani ya chai, na tundu la sanduku letu lina upana wa karai. Tuliziba pengo kwa mbao, tukaenda nayo Kagio, harusi ya binti wa Mama Wacera. Besi ilitoka kama mbu ndani ya chupa. Bwana harusi, aliyefanya mazoezi ya kucheza wiki mbili, alishindwa kusikia mdundo, akamkanyaga mama mkwe wake mbele ya kanisa zima. Mpaka leo hawajasalimiana. Bibi harusi aliniuliza kwa upole kama gita langu ni mgonjwa. Mzee, nilikosa pa kuuweka uso.

5. Kwa hivyo ombi letu ni dogo. Spika ya inchi kumi na tano haipatikani hapa Nyeri, na sauti inayoweza kuichoma bila shaka inaweza kushika nafasi yake. Tunaomba wewe mwenyewe uwe spika yetu. Tumepima: mbao zikitolewa utaenea, ukikunja magoti na kushika kofia mkononi. Kazi yako itakuwa kusema "dum, dum" kila Jumamosi, na hutahitaji umeme. Jumamosi ijayo tuko Kerugoya. Mabaraza itabidi yangoje, maana utakuwa umefungiwa ndani kwa skrubu nane. Wananchi wameahidi kuvumilia.

Nisalimie Mama Watiri hapo nyumbani, karani Selpha, na wale askari wawili wanaotuamsha wakati bado unaongea.

Ni mimi raia mtiifu, asiye na besi,
Mutahi wa Ngatia

N.B. Nilikuwa nimeshalamba bahasha wakati akina mama wa sokoni, wakiongozwa na Wachuka, waliponiletea gunia la viazi na kuku wawili. Wanashukuru kwamba siku ile ya baraza walifika nyumbani mapema wakakamua ng'ombe. Wanasema walimwona vizuri mtu aliyetambaa nyuma ya jukwaa, akazungusha kwa mkono wa kulia kifundo cha kuongezea sauti cha amplifaya mpaka mwisho, na wakanishika mkono huohuo kunipongeza. Viazi nimevipokea. Basi, Mzee, usihangaike kutafuta spika. Nasikia una baraza lingine Disemba. Sanduku ni lako, njoo ulichukue hivyohivyo lilivyo.