Paka Aliyepona Kabla ya Kupigiwa Kura

Kwa Bi Solveig Hedman,
Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi, Jengo Namba 14, Härnösand, Uswidi.

Bi Mwenyekiti,

Kwa heshima zote, namshtaki kwako mkazi mmoja, ambaye kwa sasa simtaji, kwa kosa la kumtibu paka bila idhini ya mkutano.

Paka huyo ni Sture, aliyeachwa na marehemu mke wangu, Gunvor. Mimi si mpenzi wa paka. Nampa kiti tu. Mwezi wa pili daktari wa mifugo alisema Sture ana kisukari: ama adungwe insulini asubuhi na jioni maisha yake yote, ama aachwe afe. Jambo zito namna hiyo haliamuliwi na mzee mmoja jikoni. Niliwasilisha kwa maandishi hoja ya kumtibu, nanyi mkaipanga katika mkutano mkuu wa mwezi Mei, baada ya suala la baiskeli. Hadi hapo mlitenda sawasawa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuna mtu hakusubiri Mei.

2. Sture, ambaye hakuweza kupanda hata kiti chake, sasa analala juu ya mashine ya kukaushia nguo, kwenye shuka za jirani yetu Bi Ann-Britt. Bi huyo amebandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha kufulia: "Mahututi gani huyu anayeruka kunishinda mimi? Anayemtibu ajitokeze nimpe mkono, kisha anifulie shuka zangu."

3. Sture akiwa mzima Mei, wajumbe watapigia kura nini? Hoja itakosa mgonjwa. Tayari Nils wa ghorofa ya tatu amebadilisha balbu ya ngazini bila azimio la kikao. Kesho mtu atamwokoa jirani aliyepaliwa na andazi la mdalasini kabla ya akidi kutimia.

Naomba mtuhumiwa azuiwe kuingia chumba cha kufulia mwaka mzima, na Sture aarifiwe kwa maandishi kwamba afya yake ni ya muda mpaka kura ipigwe.

Wasalimie wajumbe wote, hata Nils, ingawa balbu yake inawaka vizuri.

Wako katika utaratibu,
Torsten Wikander,
ghorofa ya kwanza.

Tanbihi: Wachunguzi wasije kwangu saa moja asubuhi wala saa moja jioni. Saa hizo mkono wangu mmoja humshika Sture, na wa pili hushika sindano. Na mkiona kura za hapana zinaelekea kushinda, tafadhali baiskeli zijadiliwe mpaka mkutano ufungwe.