Muhuri wa Daktari na Shati Jeupe

Jumapili, 9 Machi

Kesho kesi. Nashtakiwa kwamba nilichonga muhuri wa daktari wa hospitali kuu nikampa mteja aliyetaka ruhusa ya ugonjwa kazini. Ati nilichonga! Nilichonga. Humu naweza kusema.

Niko nje kwa dhamana. Mdhamini wangu ni dada mkubwa, fundi cherehani. Aliweka mahakamani hati ya nyumba aliyoachiwa na mama, vyumba viwili na baraza anaposhonea, akamwambia hakimu kwamba mimi ananijua, nitakuja. Leo kaniletea shati jeupe. Amelipiga pasi mwenyewe mpaka kola inasimama. Nikamshukuru bila kumtazama usoni, maana nilishaamua kwamba siendi.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango: barua ya kulazwa. Homa ya matumbo, siku saba. Lakini barua bila muhuri ni karatasi tu. Nikachukua kipande cha mpira na kisu, saa moja kazi imekwisha. Safi! Sijawahi kuchonga vizuri hivi. Nikatumia jina la daktari yuleyule, kwa sababu mkono umeshamzoea.

Nikampa jirani yangu fundi funguo barua aipeleke mahakamani. Huyu bwana tunagombania kivuli cha ukuta mmoja miaka sita sasa, yeye na funguo zake, mimi na mihuri yangu. Alikubali haraka mno. Nilipaswa kushtuka.

Saa tisa alirudi akicheka mpaka akashika ukuta. Hakimu aliisoma barua. Akavaa miwani. Akamwomba karani kielelezo namba moja, yaani ule muhuri wangu wa kwanza, ambao polisi waliukamata kwa yule mteja. Akaugonga kwenye karatasi, akaiweka kando ya barua. Mkono mmoja! Halafu akamwita shahidi aliyekaa benchi la mbele. Daktari mwenyewe! Akasema hajawahi kunitibu, ila angependa sana kuniona. Mahakama nzima ikaangua kicheko.

Hakimu hakucheka. Dhamana imefutwa. Hati ya kunikamata imetoka. Dada kapewa mpaka Ijumaa anilete, la sivyo nyumba inachukuliwa. Fundi funguo anasema dada alisimama pale na gauni lake la kutokea, akasema tu kwamba shati alilipiga pasi mwenyewe. Alipofika hapo hata yeye aliacha kucheka.

Jumanne, 11 Machi

Nimejificha stoo ya fundi funguo, katikati ya makufuli mabovu. Sharti lake: nimpigie tupa funguo zake huku nimejificha. Nimekubali. Nitafanyaje?

Habari zinanifikia. Polisi wawili wamekaa kutwa kwenye benchi la wateja wa dada. Mama mmoja aliyekuja kupimisha gauni la harusi la bintiye aligeuzia njiani. Mwingine akachukua kitambaa chake, ati atashona siku nyingine.

Kubwa ni la shemeji, mume wa dada. Miaka yote namwita Bwana Lawama kwa sababu hajawahi kunisifia. Jana barua iliposomwa, kabla miwani haijavaliwa, dada alimpigia simu kwamba nimelazwa. Shemeji akaacha kazi, simu akaisahau mezani, akabeba shuka na chupa ya chai, akanitafuta wodi kwa wodi mpaka jioni. Hata wodi ya wazazi alichungulia, asije akanikosa. Nilipoambiwa hayo nilijifunika gunia usoni.

Alhamisi, 13 Machi

Mpango wa pili: kusafiri. Nikanyoa ndevu, nikavaa kofia ya fundi funguo, nikafika dirisha la tiketi. Karani akataka kitambulisho. Kitambulisho changu kiko mahakamani! Nilikiacha mwenyewe siku ya dhamana. Nikasema nimekisahau nyumbani, nikarudi kwa vichochoro.

Nikapita nyuma ya nyumba ya dada. Dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa anashusha mapazia na kuyakunja. Vyombo vya mama vilikuwa sandukuni tayari, kila sahani imefungwa kwa mabaki ya vitambaa. Halii. Anafanya kazi polepole, kama mtu asiyetaka kuimaliza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sijawahi kuona aibu namna hii, na hapa sitanii.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda. Shati jeupe, limekunjamana. Njiani niliandaa maelezo kuhusu homa ya matumbo iliyopona ghafla. Hakimu akauliza kwa nini sikuja Jumatatu. Nikamwona dada, mkoba magotini, nikasema niliogopa. Basi. Neno la kweli la kwanza mwezi huu.

Dada karudishiwa hati ya nyumba. Mimi rumande mpaka kesi iishe, na shtaka la pili juu yake. Askari aliyenifunga pingu akanieleza, kwa huruma, kwamba Jumatatu mwendesha mashtaka alikuja akijua kesi imemfia mkononi. Yule mteja wangu ametoroka, na hapakuwa na mwingine wa kusema nani alichonga ule muhuri. Ningesimama tu kizimbani na shati langu, ningerudi nyumbani. Sasa ushahidi upo. Nimewapelekea mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi niliipita mbio.

Dada alipopita aliniweka kola sawa. Akasema nikipata karatasi nimwandikie, lakini nimwandikie ukweli tu, hataki kingine.

Jumapili, 16 Machi

Rumande. Nimemwandikia. Ukurasa mmoja, wote kweli. Nimemwomba radhi kwa hati ya nyumba, kwa mapazia, kwa polisi kwenye benchi lake, kwa shemeji na chupa yake ya chai. Nimelia nikiandika. Nimekoma. Sirudii tena maishani.

Kisha nikaisoma upya. Ataiamini vipi? Neno langu halina uzito tena. Ningekuwa yeye, nisingeamini hata nukta. Barua kama hii inahitaji kitu cha kuithibitisha.

Mzee ninayelala naye chumba kimoja ana kijiko alichokinoa. Soli ya ndala ni laini, inakatika vizuri. Nimechonga duara, na ndani yake: OFISI YA USTAWI WA MAHABUSU – MAJUTO YAMEKAGULIWA. Wino nimeutoa kwenye kalamu. Nimegonga chini ya jina langu, umetoka safi kabisa.

Barua zote hupitia mezani kwa afisa ustawi kabla ya kutoka. Vizuri. Na yeye aone nilivyobadilika.