Ombi la Kuutangaza Mto wa Keumbu Kuwa Bahari

Keumbu, Kisii
Aprili, 1951

Kwa Bwana Mtaalamu wa Mambo ya Bahari,
kwa mkono wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya yetu.

Bwana mheshimiwa,

Hujambo na uchovu wa safari? Sisi tuliolisukuma lori lako la sinema kutoka mtoni mwezi uliopita tu wazima, ila migongo.

Tulikuwa tumeomba daraja. Tumeomba kila masika, kwa adabu, kwa sababu hospitali iko ng'ambo. Serikali ikatusikia, ikakuleta wewe, ukatuonyesha sinema ya mitambo mipya ya baharini. Lo! Hatukutegemea makubwa hivyo.

Kabla sijaleta maombi, nieleze jambo la lugha. Kila uliposema "bahari", karani Cleophas aligeuza kwa Kigusii akasema enyancha. Hana kosa. Ziwa kwetu ni enyancha, na bahari ni enyancha hiyo hiyo. Ndiyo maana shangazi yangu Bitutu, ambaye amekunywa maji ya ziwa kule Kendu, alisimama akakuita mwongo mbele za watu uliposema maji ya bahari yana chumvi. Cleophas alikwambia mama anashukuru sana. Hakushukuru, Bwana.

Sasa maombi.

1. Ile mashine ya melini inayosikia samaki wakipita chini kabisa ya maji. Tunaomba iwekwe ofisini, karibu na kiti cha anayepokea barua zetu. Ikiwa inamsikia samaki, ambaye hasemi kitu, huenda itatusikia na sisi.

2. Lile vazi la mzamiaji, lenye kichwa cha shaba na mpira wa kupitishia hewa. Naomba moja la mwanamke mwenye mimba kubwa. Mke wangu Persis amekaribia kujifungua na mkunga amesema mtoto amekaa vibaya, lazima afike hospitali. Mto umejaa, basi atatembea chini kwa chini. Mimi ni fundi cherehani. Vazi lingekuwa la kitambaa ningelipanua kiunoni mwenyewe, lakini shaba siiwezi. Kuna na shida ya pampu ya hewa. Mwenye mikono ya kuisukuma bila kuchoka ni mama mkwe wangu, na kwa heshima yetu ya Kigusii mimi na yeye hatuwezi kusimama pamoja ukingoni tukimtazama binti yake katika hali hiyo. Tuletee na mtu wa pampu.

3. Boya lenye taa, la kuonya meli mahali pa hatari. Tunataka moja tu. Liwekwe pale alipokalishwa dada yangu Bathsheba masika iliyopita, akiwa na uchungu, akingojea maji yapungue. Hayakupungua. Mtoto tulimzika nyuma ya nyumba na Bathsheba mpaka leo hachoti maji upande ule. Hapa sifanyi mzaha, na nina hasira.

4. Nimefikiri sana, nikaona kosa ni letu. Tumeomba kitu kidogo mno. Kwa mto Serikali haina hata ubao mmoja, lakini kwa bahari ina meli za kugeuza maji ya chumvi yawe matamu, ina dawa za mwani, ina wataalamu wenye kaptura zilizopigwa pasi. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, mto wetu utangazwe rasmi kuwa bahari. Masika ukungu ukishuka hatuoni ng'ambo. Kwa Kigusii tayari ni enyancha, Cleophas atatia sahihi. Taa ya kuongoza meli itakaa juu ya mlima Manga. Keumbu itakuwa bandari, na wake zetu watavushwa kwa meli kama watu. Mabaharia tutatoa sisi. Hakuna hata mmoja anayejua kuogelea, kwa hiyo hatutatoroka kazini.

Chumvi ikikosekana majini, tutatia wenyewe.

Wasalimu wa nyumbani kwako wote, na dereva wa lori, na yule aliyekuwa akizungusha picha. Cleophas msalimu polepole, shangazi bado anamtafuta.

Ni mimi, anayengoja meli,
Manasseh Obwocha,
Fundi cherehani, Keumbu.

Nyongeza: Bwana, usihangaike tena. Nilikuwa sijafunga bahasha Persis akashikwa na uchungu. Wanaume wa sokoni waliacha biashara, wakachukua mashoka, wakaangusha ile mikalitusi miwili ya Serikali yenye kibao cha kukataza kukata. Tukailaza juu ya maji, tukapigilia mbao, na jua halijazama mke wangu alikuwa amefika ng'ambo. Tumepata binti. Analia, ananyonya, na mama yake mzima. Ombi la bahari nimelifuta. Kumbe ni mto tu, na ulitaka miti miwili. Kuhusu miti hiyo, najua askari ataletwa akiwa na samansi yangu. Mwambie apite hapo hapo darajani, ila avue viatu kwanza, gogo la kushoto linateleza.