Kwezi na Msumari wa Sebuleni

Jumatatu, 6 Mei

Kwezi wamerudi bustanini! Ndege sita, juu ya ukuta, wakipiga kelele kama wenye nyumba. Mgongo buluu inayowaka, tumbo rangi ya chungwa, kifuani mstari mweupe kama umechorwa na mkono usiotetemeka. Na lile jicho jeupe! Likikutazama unajiona hujaoga. Nimesimama na mswaki mdomoni mpaka povu likanidondokea shatini.

Hapo wazo likaja. Sebule yetu ina msumari mmoja tu, na msumari huo umembeba shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, ndani ya joho la kuhitimu. Miaka yote nakula chini ya macho yake. Nikamwuliza mke wangu: nikileta picha nzuri ya kwezi, shemeji atashuka? Akacheka. Akasema nikiileta kabla shemeji hajaja kula nasi Jumapili, msumari wangu. Akaongeza kwamba sina haja ya kuhangaika, nikae kimya kwenye kizingiti cha jikoni, maana kila akimwaga maji ya vyombo kwezi humjaa miguuni.

Nikae kizingitini kama paka! Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimeazima kamera ya mpiga picha wa harusi wa mtaani, yenye lenzi ndefu kuliko mkono wangu.

Jumanne, 7 Mei

Mpango wa kwanza: wali. Nimemwaga sufuria nzima nyasini, nikajibanza nyuma ya pipa la maji. Wakaja kuku wa jirani. Wote! Husemwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hawa hawakuwa na kamba wala haya. Kwezi wamekaa ukutani wakitazama kama watu waliolipa kiingilio.

Nina picha nyingi sana za kuku. Usiku tumekunywa mchuzi mtupu. Mke wangu ameuliza wali uko wapi, nikamwambia ni habari ndefu.

Jumatano, 8 Mei

Ndege mrembo kiasi kile lazima ajipende. Nimekitoa kioo chumbani, nikakiegemeza kwenye mpera. Haikuchukua muda! Kwezi mmoja akashuka, akajiona, akavimba. Akajidonoa. Akarudi nyuma, akajipanga, akajidonoa tena. Mwenzake wa kiooni naye hakubali kushindwa. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Kiumbe mzuri vile, anapoteza asubuhi nzima kugombana na picha!

Nikakagua kamera. Manyoya, mashallah, kila unyoya unang'aa. Lakini ndani ya kioo, katika kila picha, nimo mimi, mdomo wazi, nimechuchumaa kama mtu aliyeshikwa na tumbo. Nikasogea kutafuta upande mwingine. Goti likagusa kioo. Kwisha.

Mke wangu amesema sikio la kufa halisikii dawa, akaleta ufagio. Sasa na chumbani kuna msumari mtupu.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua tangu alfajiri. Betri ya kamera ipo kwenye chaji. Na ndiyo saa kwezi waliyochagua kuoga! Wameshuka kwenye dimbwi chini ya mpera, wanapiga maji kwa mabawa, wanasukumana, mmoja anatoka akijikung'uta, mwingine anaingia nafasi yake. Wakilowa wanakuwa weusi. Wakikauka, buluu inarudi kidogo kidogo, kwanza shingoni, kisha mgongoni. Nilikuwa sijui hilo. Miaka yote naishi nao.

Nimetazama dirishani mpaka chai ikapoa. Kwa kweli nilimsahau hata shemeji. Nilipogeuka, alikuwa pale pale ukutani, anatabasamu.

Jumamosi, 11 Mei

Mpango mkuu. Shuka la kijani la wageni, matundu mawili ya macho, majani ya mpera juu. Nimekaa bustanini tangu asubuhi, mimi na kichuguu hatuna tofauti. Siafu walikubaliana nami, wakanipanda. Nikavumilia. Mvumilivu hula mbivu.

Ndipo kitu kikatua kichwani pangu. Chepesi! Vidole vyembamba juu ya shuka. Kisha wimbo, hapo hapo utosini. Kwezi! Kamera ilikuwa tumboni, siwezi kuinua hata kidole. Sikutaka kuinua. Machozi yananitoka, na si ya siafu tu. Sikumbuki lini nilikuwa na furaha kama ile.

Nikasikia mtu akikohoa. Shemeji! Amekuja siku moja kabla. Amesimama mlangoni, simu mkononi.

Jumapili, 12 Mei

Shemeji ameisafisha studio picha aliyonipiga jana kwa simu, na kuitia fremu. Mke wangu alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaitundika.

Lazima niseme ukweli: ni picha nzuri mno. Kwezi amegeuza shingo, jua limempata ubavuni, buluu yote ipo, na jicho lile. Chini yake shuka lenye macho mawili yaliyotoka. Pembeni, kwa wino: jina la shemeji.

Hata hivyo nimeshinda! Niko ukutani, shemeji ameshuka. Nimekula kwa raha, nyama mara mbili.

Nilipoingia kulala, nikawasha taa. Joho. Tabasamu. Mke wangu amesema ilikuwa vibaya kuacha msumari wa chumbani mtupu. Shemeji sasa anatazama mto wangu.

Jumatatu, 13 Mei

Sijalala. Lakini nina mpango! Picha nyingine ya kwezi, bora zaidi, na msumari wa chumbani ni wangu. Safari hii nitajifukia mchangani, nibaki na pua na lenzi.

Nimepita jikoni mbio kuchukua koleo. Mke wangu alikuwa kizingitini na beseni la vyombo, kwezi wote sita miguuni pake, mmoja anakunywa kwenye kikombe. Nimemwomba asogee, ananizibia njia.

Wameruka wote. Haidhuru, nimeshaanza kuchimba.